Ruhusa ya Kufuga Ndevu

Kwenye keki ya kuniaga mliandika jina langu kwa krimu, mkalikosea, nami nikaila hivyo hivyo. Baada ya makofi, yule binti mpya wa zamu ya asubuhi akaniambia, "Mzee Zaka, tuandikie basi kidogo. Hii kazi uliianzaje?" Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Sasa nimekaa mezani, mke wangu ananicheka, na ahadi nimeshatoa. Mishahara sitaigusa, mnaijua na haichekeshi. Vyeo sikupata vya kusimulia. Nitawaeleza habari za kunyoa wazee, na humo ndani yumo mfalme mmoja wa Urusi. Mnivumilie naye, mimi nilimvumilia karibu kila asubuhi.

Nilifika Minnesota mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikimfuata mke wangu Tumaini aliyepata nafasi ya kusoma chuo kikuu. Kwetu Morogoro nilikuwa kinyozi. Nilikuwa na duka la viti vitatu karibu na soko, kioo ukuta mzima, redio haizimwi, na walikuja hata watu wenye vipara, mradi wapige soga. Huku nikaambiwa bila leseni siruhusiwi kugusa kichwa cha mtu kwa malipo. Tumaini anasoma, mwisho wa wiki anatandika vitanda katika hoteli moja kule Bloomington karibu na uwanja wa ndege, na mimi mwanamume mzima nimekaa kwenye fleti Hopkins natazama theluji. Nikachukua kozi fupi ya usaidizi wa wauguzi. Nikaomba kazi katika nyumba hii hii mnayofanyia kazi ninyi, kabla haijapanuliwa, kwa sababu ilikuwa karibu kwa miguu na gari letu asubuhi za baridi lilikuwa haliwaki mpaka libembelezwe.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Kemunto. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa muuguzi kutoka Kisii, mfupi, viatu vyeupe visivyojua doa, na sauti ya mwalimu mkuu. Kiswahili chake kilichanganyika na Kiingereza, na changu alikiita Kiswahili cha redioni.

"Kaka, hapa una-knock kwanza," aliniambia tuliposimama kwenye mlango wa kwanza. "Unasema jina lako, hata kama jana ulilisema. Halafu una-warm mikono. Wewe ungependa kushikwa na samaki wa friji?"

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu. Mpaka leo nimehudhuria nyingine nyingi zenye chai na vitafunio, sijasikia iliyoipita.

Sitawadanganya, siku ile nilijificha kwenye chumba cha mashuka nikalia. Nilikuwa nimemwogesha mtu wa umri wa baba yangu mwili mzima, naye muda wote alitazama dari. Kemunto akanikuta. Hakunibembeleza. Alinipa mashuka nikunje, akakunja na yeye, na tulipomaliza akasema, "Kesho muulize alikuwa akifanya kazi gani. Atawacha kutazama dari." Nikamuuliza. Alikuwa fundi wa reli, na alinieleza habari za breki za treni mpaka maji yakapoa.

Sasa kunyoa. Kilichoniumiza zaidi katika wiki zile ni jinsi wazee walivyokuwa wakinyolewa. Wembe wa kutupa, maji ya bomba, kwaruza kwaruza, kwaheri. Watu waliokuwa mameneja na makanika wanakaa na vidonda shingoni kama kuku aliyenyonyolewa vibaya. Nikamwomba Kemunto aniombee ruhusa ya kuleta brashi na bakuli. Ruhusa ikatoka, kwa sharti kila mzee awe na brashi yake yenye jina lake, na ni sharti zuri, mlishike. Mengine niliyowafundisha nayarudia hapa kwa maandishi ili msiseme nilisahau. Taulo la maji ya moto litangulie, likae mpaka nywele zilainike. Vuta ngozi kwa kidole kabla ya wembe kupita. Fuata nywele zinakoelekea. Mzee anayetumia dawa za kuzuia damu isigande usimsogelee na wembe, huyo ni wa mashine. Na usinyoe kimya. Mtu aliyewekewa chuma shingoni anastahili kusikia sauti ya aliyekishika.

Hivyo ndivyo nilivyofika chumba cha mwisho cha korido, kwa Profesa Walter.

Alikuwa amefundisha historia ya Urusi maisha yake yote. Mkewe alikwishafariki. Alikuwa mrefu hata akiwa amekaa, na alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka: mikono haishiki kikombe, kitabu hakifunuki, na sauti nayo ilikuwa imeanza kufifia. Ukitaka kumsikia, uiname. Siku ya kwanza alikaa kimya mpaka nilipomaliza shavu moja.

"Unanyoa kama mtu aliyesomea," akasema.

"Nilikuwa na duka kwetu, Profesa. Viti vitatu."

"Na sasa?"

"Sasa navisukuma. Vina magurudumu."

Akacheka mpaka nikaondoa wembe. Kisha akanitazama vizuri, nadhani aliona nilichokuwa nimekificha chumba cha mashuka, kwa sababu aliniambia habari ya mfalme Petro wa Urusi, yule waliyemwita Mkuu. Kwamba akiwa mfalme tayari, kijana, mrefu kupita watu wote wa nyumba yake, alijibadilisha jina akasafiri mpaka Uholanzi, akavaa nguo za kibarua, akachonga mbao kwenye karakana ya meli. Alitaka kujua meli inavyoundwa, na aliona hakuna njia ya kujua ila kushika shoka. "Mfalme mzima," Profesa akasema, "akapokea amri kwa seremala. Kwa hiyo usione haya mbele yangu, Zaka."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Tumaini. Akaniambia, "Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na ikulu ya kurudi." Mke wangu ni mtu wa ukweli. Lakini neno lile lilinikaa, na siku za aibu zikapungua.

Basi ukawa ndio mtindo wetu. Mimi nanyoa, yeye ananipa kipande cha Petro. Alipokuwa mtoto alifanywa mfalme pamoja na kaka yake mgonjwa, na dada yao ndiye aliyetawala kweli, huku Petro akicheza vita kijijini na watoto wenzake kwa mizinga halisi. Alikuta mashua kuukuu kwenye ghala, akaitengeneza, na wazimu wa maji ukaanzia hapo. Alibadilisha mwanzo wa mwaka, uliokuwa Septemba, akauweka Januari. Alipunguza na kurahisisha herufi za kuandikia. Alitoa wanawake ndani akawaamuru waje kwenye karamu na kucheza dansi. Alisema mtu atapanda cheo kwa kazi yake, si kwa jina la babu yake tu. Alijenga mji mzima juu ya kinamasi kando ya bahari, na hapo Profesa aliteremsha sauti, maana watu waliobebeshwa udongo na magogo walikufa wengi, na hakuna aliyewahesabu vizuri. Petro alijua pia kung'oa meno. Alipenda kuwang'oa watu wa ikulu, aliyeumwa jino na asiyeumwa.

Halafu akafika kwenye ndevu. Aliporudi kutoka Ulaya, wakubwa wa nchi walikuja kumlaki wakiwa na ndevu zao hadi kifuani. Kwao ndevu zilikuwa ni dini, mtu akizikosa anaona hawezi kusimama mbele ya Mungu. Petro akaomba mkasi, akazikata kwa mkono wake, mmoja mmoja, pale pale ukumbini.

"Bila kuwauliza?" nikasema.

"Bila."

"Hata povu hakupaka?"

"Sidhani, Zaka."

"Basi kinyozi mbaya sana huyo. Kwetu angepigwa makofi, awe mfalme asiwe mfalme."

Profesa alifurahi mno. Tangu siku hiyo kila Petro alipofanya jambo aliniuliza, "Kama kinyozi, unasemaje?" Nami nilitoa hukumu. Meli, nilimpa maksi nzuri. Meno, hapana.

Kwenye kizingiti cha dirisha alikuwa na kidude cha shaba kama sarafu. Kimechorwa pua, masharubu na ndevu, na juu yake maneno ya Kirusi. Alinieleza kwamba baadaye Petro alilegeza kidogo: asiyetaka kunyoa alipe kodi, apewe kipande cha aina hiyo atembee nacho, na askari akimsimamisha getini akionyeshe. Maneno yale yalisema kodi imepokelewa. Chake kilikuwa cha kuigiza tu, alikinunua zamani safarini. Nilikishika nikakirudisha. Nikamuuliza, kwa sababu ni swali ambalo mtu wa kwetu lazima aulize, "Na huyu Petro, hakuwa na watoto?"

Profesa akageuza uso dirishani. "Umemaliza?" akasema. Nilikuwa sijamaliza. Nikamaliza kimya.

Kesho yake aliongea mwenyewe, hata sijaloweka brashi. "Nina mtoto mmoja wa kiume. Anaitwa Erik. Anaishi Inver Grove Heights." Akatazama brashi mkononi mwangu. "Ana ndevu."

Nikadhani nimeachwa njiani. Inver Grove Heights ni upande wa pili wa mto tu, saa moja haiishi kwa gari, na sikuwahi kumwona hapa. Akanieleza. Miaka ya vita vya Vietnam, Erik alirudi kutoka chuoni likizo akiwa amefuga ndevu, hataki vita, hataki kanisa, hataki digrii. Profesa alimwambia mezani, mama yake akiwa anapakua chakula, kwamba katika nyumba ile hakuna atakayekaa na uso wa namna ile. Achague wembe au mlango. Erik alichagua mlango. Mama mtu aliendelea kumwona kwa siri mpaka alipofariki. Kwenye mazishi baba na mwana walisimama pande mbili za kaburi, wakaondoka bila kusemezana.

"Ndevu tu, Profesa?"

"Haikuwa ndevu tu," akasema. "Hata kwa Petro haikuwa ndevu tu."

Nikamuuliza kwa nini asimwite. Akasema hana haki ya kumwita. Akasema tena kwamba siku alipoingia hapa alishaagiza asipigiwe mtu yeyote simu, awe mzima awe mahututi, na agizo lake liko pale pale. Nanyi mnajua huku mambo hayo yalivyo. Mzee akisema asiitwe mtu, haitwi mtu, na anayekiuka anaweza kupoteza kazi na leseni juu. Nikafunga mdomo, lakini nilimhadithia Sista Kemunto. Alikuwa akipanga dawa kwenye vikombe.

Januari ile ilikuwa ya baridi ya kutisha. Profesa akashikwa na nimonia, akapelekwa hospitali, akarudi amebaki mifupa na macho. Daktari alisema ugonjwa wa kutetemeka umefika kooni, kumeza kumekuwa kazi, na sauti haitachukua muda mrefu itakwisha kabisa. Usiku wa homa, wenzetu wa zamu ile walisema, alikuwa akiita jina moja tu. Mchana ukimuuliza anasema hajamwita mtu. Hapo ndipo tulipokuwa: mzee ana maneno machache yaliyobaki, na mwenye kustahili kuyasikia yuko ng'ambo ya mto.

Asubuhi moja napita na ndoo yangu ya mataulo, namkuta Kemunto amesimama na simu ya ofisi ya wauguzi, mgongo umenyooka.

"Erik? Mimi ni Kemunto, nurse wa babako. Babako anakuita. Usikawie." Akasikiliza. "Ndiyo. Yeye mwenyewe." Akaweka simu chini, akavuta sweta yake.

"Sista," nikasema, "umefanya nini?"

"Nimeita mtoto."

"Mzee alikataza."

"Kaka, kwetu mzazi akiwa hivi haulizwi kama mtoto aitwe. Mtoto anaitwa. Kwenu ni tofauti?"

Si tofauti, nanyi mnajua. Nikamwambia watamfukuza. Akasema wakimfukuza atarudi Kisii akalime chai, na anajua kuichuma vizuri. Lakini yule mama alikuwa anasomesha wadogo zake wanne kwa kazi ile.

Tulikubaliana nimwambie Profesa mwenyewe, polepole, nikimnyoa, kabla mwanawe hajafika. Tulifikiri atakuja jioni baada ya kazi. Nikaweka taulo la moto. Nikapaka povu. Nikanyoa upande wa kulia wote nikitafuta pa kuanzia, na maneno hayaji. Nimeshageuza uso wake nianze upande wa pili, mlango ukagongwa.

Alisimama pale mtu mrefu wa makamo, koti la kazi, kofia mkononi, na ndevu. Ndevu nene, nyingi zimeshaingia mvi, zimefika kifuani, na theluji ilikuwa bado haijayeyuka ndani yake. Nyuma yake, koridoni, Kemunto amefumbata mikono mbele kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Umeniita, baba," Erik akasema.

Nusu ya uso wa Profesa ilikuwa povu. Akamtazama mwanawe. Akanitazama mimi, mimi nikatazama bakuli. Akatazama koridoni, akamwona Kemunto, na nikajua ameelewa kila kitu. Neno moja tu la mzee yule na Kemunto hana kazi. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye brashi.

"Ndiyo," Profesa akasema. Ilimchukua nguvu, ikabidi Erik asogee kusikia. "Nilikuita."

Kemunto akaondoka haraka, nikasikia viatu vyake mpaka upande wa pili wa korido.

"Kaa," Profesa akamwambia Erik. "Zaka amalize upande wa pili. Ni aibu kuita mtu na hujamaliza kunyoa."

Nikamaliza, sijui kwa mikono gani. Nao waliongea habari za barabara. Kama daraja lilikuwa na barafu. Kama bado ana lile lori lake. Erik alikuwa seremala, alikuwa akijenga ngazi za nyumba za watu. Hakuna aliyetaja kilichowatenga. Mimi nilitaka kuwashika vichwa wote wawili niwagonganishe, lakini kozi haikunifundisha hilo.

Ilipofika wakati wa kuondoka, Erik akasimama anazungusha kofia. Profesa akaniambia, "Zaka. Kile cha dirishani." Nikampa kile kidude cha shaba. Akakishika kwa vidole vile vinavyocheza, kikaanguka kwenye blanketi, nikakiokota nikampa tena, akakisukuma mpaka kwenye kiganja cha mwanawe.

"Unakijua?"

"Nilikuwa nakichezea nikiwa mtoto," Erik akasema.

"Basi unajua kilichoandikwa. Ulishalipa." Akapumzika kidogo, pumzi zilikuwa fupi. "Ulilipa kupita kiasi. Wakikusimamisha mlangoni, waonyeshe."

Erik akavaa kofia. Alikifunga mkononi akatoka. Baadaye nilipopeleka takataka nilimwona kwenye maegesho, lori linaunguruma, vioo vimejaa ukungu, kichwa amekiweka kwenye usukani. Nikasubiri ndani mpaka alipoondoka ndipo nikaenda kwenye pipa.

Na Sista Kemunto? Mchana ule aliingia na dawa zake, kichwa chini. Profesa akamwambia, "Sista, nasikia nilimwita mwanangu. Nimeanza kuwa msahaulifu. Naomba unikumbushe, kuna kingine nilichoagiza?" Kemunto akasema ameagiza pia ale uji wote. Akaula wote. Jambo hilo halikwenda ofisini, na ndiyo mara ya kwanza naliandika, kwa kuwa Sista alikwisharudi Kisii siku nyingi na chai yake inaendelea vizuri. Sheria ya kutopiga simu ni sheria nzuri, wadogo zangu, mara nyingi inawalinda wazee na watu wabaya. Siwaambii muivunje. Nawaambia tu kwamba mimi nilikuwepo, na nikiulizwa leo nitasimama upande wa Kemunto.

Erik akawa anakuja kila Jumamosi. Wiki ya pili aliniomba nimfundishe kumnyoa baba yake. Nilimtania kwamba mtu ambaye hajashika wembe tangu ujana wake atajuaje, akasema anajua mbao, na mbao nazo zina mwelekeo. Kweli alikuwa na mkono. Nilimwonyesha taulo, povu, kidole cha kuvuta ngozi. Mara ya kwanza alikuwa akishika uso wa baba yake kama anayeogopa utamwunguza. Mara ya tatu au ya nne akawa anaushika kama uso wa mtu wake.

Baada ya Profesa nilinyoa wengine wengi. Wanajeshi, wachungaji, mwimbaji mmoja wa opera aliyekuwa akiimba ndani ya taulo. Tumaini alimaliza masomo, leseni ya unyozi nilipata mwishowe, na nikakuta sitaki tena duka. Brashi zenye majina nimewaachia kwenye kabati la chini, mzichemshe. Profesa alifariki majira ya kuchipua ya mwaka ule ule, mchana, mwanawe akiwa karibu, na sauti ilikuwa imeshakwisha wiki kadhaa kabla. Lakini kabla haijakwisha kulikuwa na Jumamosi moja, na hiyo ndiyo niliyotaka kufika tangu mwanzo.

Barafu ilikuwa inadondoka kutoka kwenye mapaa. Erik ananyoa, mimi nimesimama pembeni na taulo. Profesa akasema, "Zaka, uliwahi kuniuliza kama Petro alikuwa na watoto."

"Ndiyo, Profesa. Hukunijibu."

"Alikuwa na mtoto wa kiume. Aleksei." Tuliinama wote wawili ili tusikie. Akaeleza kidogo kidogo, anapumzika, anaendelea. Mama yake Aleksei alipelekwa kwa nguvu kwenye nyumba ya watawa. Mtoto akakua anamwogopa baba yake. Hakupenda meli wala vita. Alipenda vitabu vya dini na watu wa zamani, wale wenye ndevu. Baba akamwambia abadilike au akae mbali na kiti cha ufalme. Kijana akatoroka, akajificha nchi za mbali. Petro akatuma watu wamtafute, na barua ya kumwapia mbele ya Mungu kwamba akirudi atasamehewa.

"Akarudi?" Erik akauliza. Alikuwa akijua, amekulia kwenye nyumba ile, lakini akauliza.

"Aliitwa na baba yake, akaja."

"Akasamehewa?"

"Hapana. Alifungwa. Alipigwa mijeledi, akafia gerezani, na baba yake ndiye aliyetoa amri." Profesa akameza mate, na nikaona koo likipanda na kushuka chini ya wembe. "Nilifundisha habari hizi maisha yangu yote. Ndevu nilizifundisha kwa vichekesho. Sura hiyo kila mwaka niliipita mbio."

Mkono wa Erik ulikuwa umesimama.

"Na siku ile," Profesa akasema, "si mimi niliyekuita. Walikuita hawa. Nilitakiwa nikuite mimi, miaka yote hiyo, na sikukuita. Nakuomba msamaha, mwanangu."

Nilitaka kutoka lakini nilikuwa upande wa ukutani. Erik alisuuza wembe bakulini, akaukung'uta, akarudisha kidole chake kwenye shavu la baba yake na kuivuta ngozi taratibu.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu kwenye simu. Inua kidevu, baba."

Profesa akainua kidevu.